Biskuti za Mbwa Zimekuharibikia? Anza na Maji

Malalamiko ya wanaookea mbwa wao nyumbani huonekana mengi: ukungu siku ya tano, biskuti zilizolegea, zilizopasuka, zilizoungua chini na kubaki mbichi katikati, zinazomomonyoka mfukoni kabla mbwa hajafundishwa hata kukaa. Ukiyafuatilia moja baada ya jingine, mengi yanaishia kwenye maji. Ama yamebaki ndani ya biskuti, ama yametoka kwa pupa, ama yamerudi baada ya kazi kwisha. Machache yanatokana na unga au mafuta. Na yanayomhusu mbwa mwenyewe hayasubiri: ikiwa mbwa wako anatapika au anayumba sasa hivi baada ya kula ulichooka, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya tumbo hapo chini.

Kifaa cha kuchunguzia ni mizani ya jikoni. Rangi haikusaidii, kwa sababu biskuti ya maini au ya boga hutoka na kahawia nzuri hata kama ndani imelowa. Tuchukue mchanganyiko wa kawaida, nao uwe kipimo chetu: gramu 250 za unga wa ngano usiokobolewa, yai moja la gramu 50 hivi bila ganda, na mililita 110 za maji au supu isiyotiwa chumvi. Jumla ni gramu 410. Unga, ingawa ukiushika unauona mkavu, una maji kama asilimia 12. Yai ni maji kwa robo tatu. Ukijumlisha, ndani ya donge hilo mna maji yapata gramu 178 na vitu vikavu gramu 232. Biskuti ya kukaa kabatini isibaki na maji zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo trei nzima inapaswa kutoka na uzito wa gramu 258 hivi. Yaani zaidi ya theluthi ya uzito iwe imepotea. Ikitoka na gramu 320, bado zaidi ya robo yake ni maji, hata kama ukiigonga mezani inalia vizuri.

Pima ulichoweka kwenye trei, si ulichochanganya, maana kingine hubaki kwenye bakuli na vidoleni. Na kama mapishi yako ni tofauti na hesabu hizi zinakuchosha, fanya hivi: pima trei, irudishe ovenini dakika 20, pima tena. Uzito usiposhuka kwa kiasi cha maana, maji yameisha.

Zimeota ukungu

Usizikwangue. Nyuzi za ukungu huwa zimeshaingia ndani muda mrefu kabla doa halijaonekana juu, na baadhi ya aina zake hutoa sumu inayomtetemesha mbwa na hata kumtia kifafa ndani ya saa chache. Tupa kopo zima, zikiwemo zile zinazoonekana safi, kisha lioshe kopo kwa maji ya moto na sabuni na ulikaushe kabisa kabla ya kulitumia tena. Funika pipa la taka pia; mbwa haoni tofauti.

Chanzo cha kwanza, na ndicho cha kawaida, ni kuoka mara moja tu. Mapishi mengi husema nyuzi 180 kwa dakika 25 au 30, yakaishia hapo. Hapo biskuti imeiva lakini haijakauka, na hizo ni kazi mbili tofauti zinazotaka joto tofauti. Oka kwa nyuzi 170 za Selsiasi kwa dakika 25, kisha shusha hadi nyuzi 100 na uziache humo dakika 60 hadi 90, mlango wa oveni ukiwa wazi upana wa kidole ili mvuke utoke. Zigeuze mara moja katikati ya muda huo. Oveni ikizimwa, ziache humohumo zipoe. Ndiyo, inakula muda na umeme au gesi, na ndiyo maana ni busara kuoka trei mbili kwa pamoja.

Utaratibu huu si mpya. Biskuti ya kwanza ya mbwa kutengenezwa kwa biashara inahusishwa na Mmarekani James Spratt, aliyekuwa akiuza vizuia radi, na ambaye alianza kuiuza London karibu na mwaka 1860. Inasimuliwa kwamba aliona mbwa bandarini wakila biskuti za mabaharia, zile zilizookwa na kukaushwa mpaka zikaweza kuvuka bahari bila kuoza. Iwe kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, biskuti ngumu ya mbwa inafanana nazo mno kwa jinsi inavyodumu: kwa kukosa maji.

Chanzo cha pili ni kufunga kopo wakati biskuti bado zina uvuguvugu. Mvuke hupanda, hugusa mfuniko wa baridi, hugeuka matone na kudondokea zilizo juu. Ukiona ukungu umeanzia tabaka la juu tu, basi ni hilo. Ziache kwenye wavu wa kupozea saa tatu au nne; usiku mzima ni bora zaidi, mradi zisiwe mahali mbwa anapoweza kufika.

Chanzo cha tatu ni mapishi yenyewe. Biskuti yenye jibini nyingi, ndizi, nyama ya kusaga au siagi ya karanga kwa vijiko haitakauka kama ya unga mtupu, hata ukiipa muda wote huo. Hiyo ihesabu kuwa chakula kilichopikwa: siku nne au tano kwenye friji, na ziada yote iende kwenye friza, ambako itakaa miezi mitatu bila shida. Biskuti zilizokauka kweli hukaa kwenye kopo linalobana wiki mbili hadi tatu.

Jana zilikuwa kavu, leo zimelegea

Vunja moja katikati utazame mkato wake. Ukikuta rangi ni ileile kutoka juu hadi chini lakini imelegea kila mahali, maji yametoka nje: hewa ya jikoni, kopo lisilobana, au umezichanganya na vitafunwa laini. Kosa hili la mwisho watu hawalifikirii. Ukiweka kipande laini na kikavu kwenye kopo moja, maji husafiri kutoka kwa laini kwenda kwa kikavu mpaka vyote vilingane, na unaishia na kopo la vitu ambavyo si laini wala si vikavu. Kila aina iwe na kopo lake.

Lakini ukiona katikati pana mstari uliokoza, wenye kung'aa kidogo, kati ya tabaka mbili zilizopauka, maji hayo hayakutoka nje. Yalikuwa ndani tangu mwanzo, na usiku kucha yamesambaa kuelekea ukingoni. Zilionekana kavu kwa sababu ganda lilikuwa kavu.

Dawa ya hali zote mbili ni moja: zirudishe ovenini kwa nyuzi 100, dakika 30 kwa zilizolegezwa na hewa, saa nzima kwa zenye mstari. Asali na ndizi huvuta unyevu, kwa hiyo biskuti zenye vitu hivyo zitalegea tena tu. Mbwa hahitaji asali. Ipunguze au iondoe.

Zimeungua chini, katikati ni mbichi

Hapa joto lilikuwa kali kuliko unene wa biskuti. Ganda limefunga mapema na maji yamekosa njia ya kutokea. Shusha joto hadi nyuzi 150 na uongeze dakika kumi au kumi na tano, peleka trei kwenye kiwango cha katikati, na utandike karatasi ya kuokea. Trei nyeusi hushika joto kuliko inayong'aa, kwa hiyo ukiwa na nyeusi punguza nyuzi kumi. Oveni yenye feni nayo ipunguzie nyuzi 20 kutoka kwenye hizi nilizotaja. Na kama tatizo linajirudia hata ufanye nini, nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Kitasa cha oveni nyingi za nyumbani husema 180 wakati ndani ni 200 au 160, na hutakaa ujue bila kupima.

Viazi vitamu, karoti, maziwa na ndizi vina sukari yake ya asili, navyo hukoza rangi haraka. Biskuti ya viazi vitamu ikianza kuwa kahawia dakika ya 15, usidhani imeiva.

Halafu kuna suala la umbo. Vile vibati vya kukatia vyenye umbo la mfupa vinapendeza kwenye picha, lakini shingo yake nyembamba huungua wakati ncha mbili nene bado zina maji, na hapo shingoni ndipo biskuti hukatika kwanza. Mimi nakata miraba kwa kisu. Donge lote linaisha kwa mkupuo mmoja, hakuna vipande vya pembeni vya kukanda upya, na vyote vinaiva pamoja kwa sababu vina unene sawa. Milimita 5 zinatosha. Choma kila mraba mara mbili kwa uma. Matundu hayo si urembo, ndiyo njia ya mvuke. Biskuti isiyochomwa huvimba katikati kama puto na kubaki na uwazi ndani.

Zimetoka nzima, baada ya saa chache zimepasuka zenyewe

Hili huwashangaza watu, kwa kuwa hakuna aliyezigusa. Biskuti ilitoka ovenini ikiwa na ukingo mkavu sana na katikati penye maji. Inapopoa, maji ya katikati husogea ukingoni. Ukingo unayanywa na kutanuka, katikati panakauka na kusinyaa, na sehemu hizo mbili zinavutana mpaka ufa unatokea, mara nyingi mstari mwembamba unaokata katikati. Viwanda vya biskuti za watu navyo hupambana na jambo hilihili.

Ukikausha polepole kwa nyuzi 100 na kuziacha zipoe ndani ya oveni iliyozimwa, maji hupata muda wa kulingana kabla biskuti haijawa ngumu. Usiziweke dirishani penye upepo ili zipoe haraka. Zilizokwisha kupasuka zinalika bila wasiwasi wowote. Vunja vipande uvitumie kwenye mafunzo.

Zinamomonyoka

Kama unatumia unga wa ngano, tatizo ni dogo: donge lilikosa maji, au halikupumzishwa. Unga usiokobolewa una pumba, na pumba hunywa maji taratibu. Ukisukuma mara tu baada ya kukanda, utaona donge linapasuka kingo, utaongeza maji, na dakika ishirini baadaye litakuwa linanata. Kanda dakika tano, lifunike, liache nusu saa, ndipo uamue kama linahitaji kitu.

Wanaookea mbwa asiyepatana na ngano ndio wanaoteseka. Unga wa mchele, wa oti, wa dengu na wa nazi hauna gluteni, ule mtandao wa protini unaoshikilia biskuti ya ngano, na bila huo donge linakuwa mchanga wenye maji. Kuongeza maji hakusaidii. Kutalishikisha likiwa bichi na litasagika likikauka. Njia inayofanya kazi ni kupika sehemu ya unga kwanza. Chukua robo ya unga wako, uupike na maji yote ya mapishi hadi upate uji mzito unaong'ang'ania mwiko. Uache upoe, tia yai, kisha unga uliobaki. Wanga uliopikwa huvimba na kuwa gundi, na gundi hiyo haipotei ovenini. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa hufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu wanga wake umeshapikwa. Ukiwa na mbegu za kitani, saga kijiko kimoja, loweka kwenye vijiko vitatu vya maji kwa dakika kumi, utapata ute unaosaidia pale ambapo mbwa hawezi kula yai.

Unga wa nazi una tabia yake. Unanywa maji mara kadhaa kuliko unga mwingine, kwa hiyo usiuweke badala ya ngano gramu kwa gramu. Utumie kama kionjo, sehemu moja kwa nne za unga mwingine. Unga wa dengu nao usiuonee huruma ovenini: ukibaki mbichi una harufu ya maharage mabichi na humjaza mbwa gesi.

Donge linanata, au biskuti zimetambaa kwenye trei

Donge linalonata baada ya kupumzika nusu saa lina maji mengi tu. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Rojo la boga ni maji kwa karibu asilimia 90, hivyo anayeweka gramu 100 za boga na bado akamimina maji yote ya mapishi amemwagilia mara mbili.

Zinazotambaa zina mafuta mengi au zimetiwa bekingi pauda. Biskuti ya mbwa haihitaji kuumuka. Acha bekingi pauda na bekingi soda, utakuwa umepunguza na sodiamu. Donge lenye mafuta lipoze kwenye friji nusu saa kabla ya kulikata.

Zimekuwa ngumu mno

Biskuti kavu inatakiwa ivunjike ukiikunja kwa mikono miwili. Isipovunjika, usimpe mbwa ukidhani itamsafisha meno. Jino kubwa la shavuni upande wa juu, lile la kukatia, ndilo hupasuka mbwa anapotafuna vitu vigumu kupita kiasi, na matibabu yake ni ya gharama na maumivu. Kipimo cha haraka ni ukucha wa kidole gumba: ukiubonyeza kwa nguvu uache alama.

Ugumu wa kupindukia hutokana na kukanda sana, kukanda upya vipande vya pembeni mara kadhaa, au unga mtupu usio na mafuta hata kidogo. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kwa gramu 250 za unga kinatosha kuulegeza. Sukuma nyembamba pia. Milimita 4 za donge gumu huvunjika, milimita 10 hazivunjiki. Trei ambayo tayari ni ngumu usiitupe. Loweka kila kipande kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano kabla ya kumpa. Mbwa wazee na watoto wa mbwa wanaobadilisha meno watakushukuru.

Zimegeuka kijani, lakini si ukungu

Umetumia mbegu za alizeti au siagi yake pamoja na bekingi soda. Mbegu hizo zina asidi ya klorojeniki, na ikikutana na soda hugeuka kijani cha samawati, wakati mwingine siku moja baada ya kuoka. Haina madhara. Ukungu una manyoya au vumbi na unakaa madoadoa juu. Hii ni rangi tupu, imeenea ndani kote. Ukishindwa kutofautisha, tupa.

Zina harufu ya mafuta ya zamani

Zinakaribia kunuka rangi ya kupaka ukutani. Hapo mafuta yameoza kwa hewa na mwanga, na maji hayahusiki. Unga usiokobolewa una kiini cha ngano chenye mafuta, kwa hiyo huharibika mapema kuliko mweupe. Unuse kabla ya kukanda. Mafuta ya samaki usiyaoke kabisa. Yanyunyize kwenye chakula cha mbwa yakiwa mabichi, kwa kiasi alichoelekeza daktari.

Vipande vya nyama na maini

Hapa pana hatari ambayo macho hayaioni. Nyama iliyowekwa kwenye kikaushio au oveni ya nyuzi 70 haifiki nyuzi 70 kwa ndani kwa saa nyingi, kwa sababu maji yanayoyeyuka huipoza. Bakteria wanakauka taratibu pamoja nayo, na bakteria waliokauka huwa wagumu kuuawa na joto linalokuja baadaye. Kwa hiyo pika kwanza, kausha baadaye. Nyama ya kuku ifike nyuzi 74 ndani, ya ng'ombe 71, kwa kuchemsha au kuoka. Ndipo uikate vipande vyembamba na kuikausha kwa nyuzi 80 hadi 90 mpaka iwe inakunjika kisha kukatika.

Maini ndiyo mbwa wengi huyapenda kuliko vyote, lakini yana vitamini A nyingi sana, na vitamini hiyo hujikusanya mwilini. Vijipande vidogo kama punje ya mahindi, si kila siku. Usiongeze mafuta ya ini la samaki juu yake.

Mbwa amezinusa na kuondoka

Mbwa huamua kwa pua, na kukausha hufukuza harufu pamoja na maji. Biskuti ya unga, boga na maji hainuki chochote. Badilisha maji kwa supu ya nyama au ya samaki uliyochemsha mwenyewe, au saga maini makavu uyachanganye na unga. Mafuta hubeba harufu, kwa hiyo kile kijiko kimoja cha mafuta kinasaidia hapa pia. Zilizookwa tayari ziviringishe kwenye unga wa maini makavu zikiwa bado na joto. Kama mbwa alikuwa akizipenda na ghafla amezikataa, zinuse wewe. Huenda mafuta yamechacha. Akikataa na chakula chake cha kawaida, mwangalie mdomoni na umpeleke kwa daktari. Hapo biskuti hazina kesi.

Tumbo limevurugika

Tenganisha mambo mawili: usumbufu na sumu.

Usumbufu ni kinyesi kilicholegea au gesi, mbwa akiwa mchangamfu na anakunywa maji. Sababu zake ni za kawaida: umempa nyingi siku ya kwanza, maziwa ambayo mbwa wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya, boga kupita kiasi, au unga ambao hajauzoea. Simamisha siku mbili, kisha rudi na kipande kimoja kwa siku. Unapojaribu kiungo kipya, kiwe kimoja tu kwa wiki. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichomsumbua. Kujikuna masikio na miguu kwa wiki kadhaa nako kunaweza kuwa mzio, na mara nyingi ni wa protini kama kuku, ng'ombe au maziwa kuliko wa nafaka. Kutapika kwa kurudiarudia, mgongo kujikunja na tumbo kuuma baada ya kula vyenye mafuta mengi ni dalili za kongosho kuvimba, na hilo ni la daktari siku hiyohiyo.

Sumu ni jambo jingine. Kinachohofiwa zaidi katika uokaji huu ni zailitoli, sukari mbadala inayotiwa kwenye baadhi ya siagi za karanga. Soma kibandiko kila unaponunua, hata kama ni aina uliyoizoea. Tafuta neno xylitol au namba E967. Kwa mbwa humwaga insulini ghafla na sukari ya damu hushuka, mara nyingi ndani ya saa moja ingawa inaweza kuchelewa hadi 12: anatapika, analegea, anayumba, anapata kifafa. Kiasi kikubwa huharibu ini. Usisubiri dalili. Piga simu kwa daktari wa wanyama ukiwa na kopo mkononi ili umsomee viambato, na usimtapishe mbwa bila kuelekezwa.

Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, vikiwa vibichi, vimepikwa au vimesagwa, na unga wake ni mkali zaidi kwa uzito. Hapa ndipo waokaji wengi hunaswa, kwa kuwa vidonge vya supu vya dukani karibu vyote vina kitunguu na chumvi. Dalili huchelewa siku kadhaa: fizi kupauka, mkojo kukoza rangi, uchovu. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, makadamia, kungumanga na pombe visifike kabisa kwenye bakuli hilo.

Donge bichi la hamira nalo usiliache mezani. Likiliwa huendelea kuumuka tumboni kwenye joto, hulitanua tumbo na kutoa pombe inayoingia kwenye damu. Mbwa aliyelila na tumbo likaanza kujaa anahitaji daktari saa hiyohiyo.

Mbwa ananenepa

Biskuti za kipimo chetu zina takriban kilokalori 3.6 kwa gramu. Mbwa mzima wa kilo 10 mwenye shughuli za kawaida hutumia kama kilokalori 600 kwa siku, na vitafunwa visizidi asilimia 10, yaani 60. Biskuti ya gramu 10 ina 36, hivyo hata mbili zinapita kiasi. Miraba ya gramu 3 ina 11 kila mmoja, na mitano inaingia bila shida. Kata miraba midogo, pima kumi pamoja ugawanye kwa kumi upate uzito wa mmoja. Kijiko kimoja cha siagi ya karanga, gramu 16 hivi, peke yake kina karibu kilokalori 95. Kigawanye kwenye trei nzima, usikipake juu ya kila biskuti.

Siku ya mafunzo mengi ondoa kiasi hichohicho kwenye chakula cha jioni. Kilokalori 60 ni kama gramu 15 hadi 17 za chakula kikavu cha kawaida, na mizani ileile ya jikoni itakupimia.